Mgeni wa Fidla na Punda wa Lamu

Wiki iliyopita mgeni wetu wa fidla alirudi darasani kwa mara ya tatu, na kwa kuwa wapo wazazi na walimu wenzangu walioniuliza ni jambo gani hasa linalofanyika mle ndani hata sauti za punda zisikike dirishani saa nne ya asubuhi, nimeona niwajibu kwa maandishi na kwa kirefu. Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Nne katika shule ya msingi hapa Lamu. Nimezaliwa na kulelewa mtaa wa Langoni, na kabla ya mwaka huu sikuwahi kuishika fidla mkononi mwangu, ijapokuwa sauti yake nilikuwa nikiijua tangu utotoni, kwani katika ukoo wetu haikupita harusi bila taarabu.

Mgeni mwenyewe ni kijana wa Mombasa aliyejifunza fidla Nairobi, ambako mpaka leo anapiga katika okestra. Haji kwetu kutumbuiza. Kazi anayoifanya ni ya msanii mwalimu, yaani mtu ambaye sanaa ndiyo riziki yake lakini pia amejifunza namna ya kuifundisha, anayekaa na mwalimu wa darasa kabla hajakutana na watoto, anayerudi katika darasa lilelile mara kadhaa, na ambaye haihesabu ziara yake kuwa imefaulu mpaka watoto wenyewe wawe wameunda kitu cha kwao. Muziki anaokuja nao ni ule wa Ulaya ulioandikwa kwa noti, ambao wengi wetu tunauita klasiki, na ambao kwa watoto wangu ulikuwa ni ile sauti inayosikika kwenye katuni paka anapomkimbiza panya.

Nianze na ziara ambayo haikufaulu, kwa sababu ndiyo iliyonifunza nitake nini katika hizi za sasa. Miaka kadhaa iliyopita, katika shule nyingine niliyokuwa nikifundisha, walitujia wanamuziki wanane kutoka nje ya nchi, wakiwa na vyombo vya kupendeza. Tuliwapanga watoto uani, madarasa yote kwa pamoja, wa mbele wakasikia na wa nyuma wakaona visogo vya wenzao. Kusi ilikuwa ikivuma, karatasi za noti zikapeperuka hadi kwenye mwarobaini, kipaza sauti nacho kikakatakata. Wageni walipiga vipande sita, wakapiga picha, wakaondoka mbio kuiwahi boti. Siwalaumu wao, maana niliona kwa macho yangu kwamba walipiga kwa moyo wote. Lawama ni yetu sisi tuliopanga. Kesho yake nilipowauliza watoto walisikia nini, walinihesabia watu: wanane, watatu wao wanawake, mmoja mwenye viatu vyekundu. Hapakuwa na mtoto hata mmoja aliyeweza kunirudishia kwa mdomo japo kipande kidogo cha lahani waliyoisikia.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii nimezoea kuisikia ikisemwa juu ya mgeni aliyenogewa na kula na kulala, lakini nilipokuwa nikiutafakari mpango huu niliiona kwa upande wake wa pili, kwamba mgeni asiyefika siku ya tatu hatupati kumjua, wala mikono yake hatupati kuifaidi. Kwa hiyo nilimwomba kijana yule aje mara nne kwa mwaka, darasa moja, watoto arobaini na mmoja walewale. Mwalimu mkuu aliniuliza, na alikuwa na haki ya kuuliza, kwa nini Gredi ya Nne wapate mara nne ilhali wangeweza kugawana na madarasa mengine matatu, kila darasa mara moja. Nilimjibu kwamba nguo moja ukiikata vipande vinne hupati nguo nne. Alifikiri siku mbili, kisha akakubali, kwa sharti kwamba walimu wa madarasa mengine waruhusiwe kuingia na kutazama, jambo ambalo limekuwa la manufaa kuliko nilivyotarajia.

Wazo lenyewe si jipya. Marekani, mwongozaji wa muziki Leonard Bernstein na okestra ya New York waliwafundisha watoto muziki huu kwa njia ya televisheni kuanzia mwaka 1958 hadi 1972, katika vipindi 53, na sina shaka kwamba wako watu wazima leo walioshikwa sikio na vipindi vile. Lakini televisheni haimwoni mtoto aliyekunja uso. Mwaka 1975, katika mji uleule, kituo cha sanaa cha Lincoln Center kilianzisha taasisi ya kuwapeleka wasanii shuleni, na mwanafalsafa Maxine Greene, aliyeshirikiana nayo kwa miaka mingi, alisisitiza kwamba kazi kubwa ni kumwamsha mtoto azingatie kilicho mbele yake, kwani kukitazama na kukiona ni mambo mawili. Kwetu Kenya tunao mpango wa Ghetto Classics wa mtaa wa Korogocho, Nairobi, ulioanza mwaka 2008 chini ya Elizabeth Njoroge, na ambao umewapa watoto wa mtaa huo fidla, tarumbeta na walimu wa kudumu. Korogocho wanajenga okestra. Mimi sina nia ya kujenga okestra Lamu. Ninachokitafuta ni kidogo zaidi na pengine ni kigumu zaidi, nacho ni darasa linalojua kusikiliza.

Ziara ya kwanza nilikaribia kuiharibu mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa vizuri, kama nilivyodhani: nilijaza ubao mzima kwa majina ya watunzi, miaka waliyozaliwa na miaka waliyokufa, na watoto walikuwa katikati ya kunakili mgeni alipoingia na fidla yake aliyoizungushia leso juu ya kasha kwa sababu ya vumbi la njiani. Alisoma ubao, akanitazama kwa adabu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwalimu, utaniwia radhi nikiwaomba wafunge vitabu?" Nikaitikia. Vitabu vikafungwa. Hakusema jina lake wala jina la kitu alichokuwa akitaka kupiga. Aliiweka fidla begani, akavuta upinde, na chombo kikatoa mlio mkali wa juu kabisa, halafu papo hapo mwingine mzito wa chini, kisha tena juu, tena chini, mara kadhaa, na kabla haijatimia dakika moja alikuwa amemaliza.

Swali lake halikuwa "hii ni nini?" Aliuliza, "Mmesikia nini?" Tofauti ya maswali hayo mawili nimeifikiria tangu siku ile. La kwanza lina jibu moja, na mtoto asiyelijua hunyamaza. La pili kila mwenye masikio analo jibu. Mikono ikainuka. Mmoja alisikia mlango wa madrasa usiotiwa mafuta. Mwingine alisikia mtoto anayebebwa kupelekwa kudungwa sindano. Msichana mmoja wa nyuma, ambaye kwa desturi huongea mara moja kwa wiki, alisema, "Ni punda." Darasa likacheka, yeye akainama, na mgeni akamwambia, "Mama, rudia neno lako wenzako walisikie." Akarudia. Mgeni akapiga tena, na safari hii hapakuwa na aliyecheka, kwa maana wote walikuwa wakimsikia punda.

Na kweli ni punda. Mtunzi Mfaransa Camille Saint-Saëns aliutunga muziki ule mwaka 1886, ndani ya mfululizo wa vipande 14 kuhusu wanyama, na hicho cha wenye masikio marefu alikiandikia fidla mbili zinazojibizana. Mgeni wetu alikuwa akipiga sehemu zote mbili kwa zamu. Hayo tuliwaeleza watoto baadaye, walipokwisha kuuliza wenyewe. Waliposikia kwamba mtunzi alikataza mfululizo ule usichapishwe akiwa hai, isipokuwa kipande kimoja cha bata maji, na kwamba ulichapishwa mwaka 1922 baada ya yeye kufariki, walitaka sana kujua alikuwa akificha nini. Mgeni aliwajibu kwamba aliogopa watu wasije wakamwona si mtu wa maana kwa kuwa amecheza. Watoto walilipokea jambo hilo kwa uzito kuliko tarehe zangu zote.

Lakini kilichofuata ndicho kilichonishawishi kwamba njia hii ni ya kweli. Mvulana ambaye baba yake ana punda watano wa kubeba mchanga na saruji aliinua mkono akasema kwamba punda yule ana kasoro. "Kasoro gani?" "Havuti pumzi." Akaeleza, akiwa amesimama na mikono nyuma kama anayesoma shairi, kwamba punda hulia akivuta pumzi ndani, na hulia tena akiitoa, kwamba mwanzo wake ni mkwaruzo mwembamba kabla sauti haijafunguka, na kwamba mwishoni hapotei ghafla bali hushuka polepole kwa miguno, kila mguno ukiwa mfupi na mzito kuliko uliotangulia, mpaka akanyamaza. Sote tumezaliwa katika mji ambao punda ndiye gari, tumelala na kuamka kwa sauti zao, nami nakiri kwamba sikuwahi kuyatambua hayo mpaka mtoto wa miaka kumi aliponiambia. Mgeni alimwomba amwelekeze. Kwa dakika ishirini mtoto alimwongoza mwanamuziki wa okestra: "Anza chini zaidi. Hapana, usikate. Ngoja. Sasa vuta." Upinde ukajifunza kukwaruza karibu kabisa na kikalio cha nyuzi, ukajifunza kuguna. Walipofika kwenye punda ambaye darasa zima lilimkubali, kengele ya mapumziko ilikuwa imekwisha kulia, na hapakuwa na mtoto aliyetoka.

Kabla ya hayo yote ilinibidi nipite nyumba za wazazi, na hili sipendi kulipita juu juu. Lamu ni mji wa dini, na suala la ala za muziki lina rai zake miongoni mwa wanazuoni. Nilikwenda kwa maalim wa madrasa wanakosoma wengi wa wanafunzi wangu, mzee aliyenifundisha mimi mwenyewe alifu kwa kijiti. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu," akaniambia, "dufu twalijua. Hicho cha nyuzi wako wanaokiruhusu na wako wanaokikataza, na mimi si katika wanaokiruhusu. Lakini umekuja kuniuliza, na hilo nimelipenda." Aliniomba mambo matatu: tusifanye wakati wa Ramadhani, tusichanganye na Kurani wala kasida, na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhia asilazimishwe wala asitahayarishwe. Nimeyashika yote. Wanafunzi wawili hukaa na mwalimu wa Gredi ya Tano saa hiyo wakisoma vitabu vya hadithi, na nimehakikisha kwamba hakuna anayewauliza sababu.

Jambo moja linalohusu madrasa nitalitaja kwa uangalifu. Sisemi kwamba usomaji wa Kurani ni muziki. Maalim wangu hakulikubali neno hilo, nami silikubali. Ninachosema ni kuhusu sikio la mtoto. Katika ziara ya pili mgeni aliwataka watoto waishike sauti moja kwa muda wa hesabu mbili, kisha nne, kisha sita, na alikuwa amejiandaa kutumia somo zima kwa zoezi hilo, kwa kuwa watoto wa miji mingine aliyofundisha huwa wanaharakisha. Wangu walikunja vidole, kimoja kimoja, bila kuambiwa, wakaishika sauti hadi mwisho wa hesabu, wakaiacha pamoja kama mtu mmoja. Alipigwa na butwaa. Hakujua kwamba wamekuwa wakipima urefu wa madi, yaani mvuto wa sauti katika usomaji wa Kurani, kwa vidole tangu wakiwa na miaka mitano, na kwamba kwao tofauti ya harakati mbili na harakati sita ni tofauti ya kupatia na kukosea. Uangalifu huo haukuletwa na msanii yeyote. Ulikuwepo, nasi walimu wa shule tulikuwa hatujawahi kuuona kuwa ni elimu.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema, kwa nia njema, kwamba tunawapelekea watoto muziki. Hawa watoto hawana upungufu wa muziki. Mtunzi Zoltán Kodály wa Hungaria, ambaye tangu mwanzoni mwa karne ya 20 alizunguka vijijini pamoja na mtunzi mwenzake Béla Bartók wakikusanya nyimbo za wakulima, aliwafundisha walimu wa nchi yake kwamba mtoto aanzie kwenye nyimbo za lugha ya mama yake, ndipo aende kwa watunzi wakubwa. Na shule ya msingi ya muziki iliyofunguliwa mwaka 1950 Kecskemét, mji aliozaliwa, ilisimama juu ya msingi huo. Lamu msingi huo ni vugo, yaani ngoma ya harusi ya wanawake wanaopiga pembe kwa vijiti, ni goma la fimbo, ni zumari na matari ya siku za Maulidi, ni nyimbo za mabaharia wanapopandisha tanga. Kwa sababu hiyo ziara ya pili nilimwalika shangazi yangu na wanawake wawili wenzake waje na pembe zao.

Shangazi ni mtu wa miaka sabini na kitu, na hakuwahi kuingia darasani tangu alipoacha shule akiwa msichana mdogo. Mgeni alimwamkia, "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu. Hiki kinanda chako wakisugua?" Watoto walishangaa kusikia fidla ikiitwa kinanda, kwa maana kwao kinanda ni kile cha vibonyezo; ikanibidi nieleze kwamba kwa wazee wa Lamu kinanda ni chombo cha nyuzi, na kwamba kabla ya redio watu wa mji huu walikuwa na vinanda vyao vidogo vya kukwanyua. Akina mama wakaketi, wakashika pembe kwa mkono mmoja na kijiti kwa mkono mwingine, wakapiga vugo. Mgeni hakuingilia. Alisikiliza mara tatu nzima akiwa amefumba macho, ndipo akaweka upinde kando na kuanza kukwanyua nyuzi kwa kidole, taratibu, katika nafasi zile ambazo pembe zilikuwa zimeziacha wazi. Shangazi akatikisa kichwa. "Waingia mapema," akamwambia. Akajaribu tena. "Sasa wachelewa." Mara ya nne hakusema kitu, aliendelea kupiga, na nikaona watoto wakitazamana, kwa sababu walikuwa wameisikia ile nafasi ambayo hapo awali haikuwapo masikioni mwao.

Wako watakaouliza, na wameshaniuliza, kwa nini basi tusitosheke na vugo. Jibu langu ni kwamba Waswahili hatujawahi kutosheka na sauti moja. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili mwaka 1498, mmoja wa watu wake aliandika katika kumbukumbu za safari kwamba mfalme alikuja na wapiga tarumbeta wengi, na pembe mbili za ndovu zilizonakshiwa, kila moja urefu wa mtu, zilizopulizwa kwa tundu la ubavuni, na kwamba sauti zao zilipatana na zile tarumbeta nyingine. Siwa za namna hiyo zipo hapa kwetu, Makumbusho ya Lamu, ya pembe kutoka Pate na ya shaba ya Lamu, na niliwapeleka watoto wakazione. Fidla yenyewe imekwisha kuwa chombo chetu. Klabu ya Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na taarabu ya visiwani imekuwa na fidla kwa miaka mingi kando ya udi, ganuni na nai. Haikuwa bahati nasibu kwamba ilikubalika: shingo ya fidla haina vizuizi vya kugawanya sauti kama gitaa, kwa hiyo kidole kinaweza kusimama popote, hata kwenye zile sauti za katikati ambazo mahadhi ya Kiarabu huzihitaji na ambazo piano haina. Mgeni alipowaonyesha watoto jambo hilo, akiteleza kidole nusu ya ukucha tu, waliinua mikono kila sauti ilipobadilika. Hawakukosea.

Niseme pia kidogo kuhusu chombo, maana watoto wa mafundi hawaachi kitu kipite. Fidla haina msumari hata mmoja. Imeunganishwa kwa gundi inayopikwa kwa ngozi za wanyama. Mbele yake ni mti mwepesi wa jamii ya msonobari wa nchi za baridi, nyuma ni mti mgumu zaidi. Mtoto wa fundi wa majahazi, ambaye nyumbani kwao Matondoni ubao na ubao havikutani bila misumari na kalafati, aliikagua pande zote kwa ncha ya kidole. Alitaka kujua upinde umetiwa nywele za mnyama gani, na kama mkia wa punda ungefaa. Ni nywele za mkia wa farasi, kati ya 150 na 200 kwa upinde mmoja, nazo hupakwa utomvu uliokaushwa ili ziukwaruze uzi. Bila utomvu huo upinde huteleza na hausikiki. Mgeni akamwonyesha pia kijiti kilichosimama ndani ya tumbo la fidla, ambacho hakikugundishwa, kinashikiliwa kwa mkazo wa nyuzi peke yake, na ndicho kinachoichukua sauti kutoka mbele kuipeleka nyuma. Waitaliano hukiita roho. Foleni ilipangwa, kila mtoto akachungulia kwenye tundu kwa jicho moja, na nilisikia kila mmoja akisema akitoka, "Nimeiona roho."

Hewa yetu haiipendi fidla. Unyevu wa baharini huvivimbisha vigingi vya kukazia nyuzi hata vikagoma kuzunguka, na joto huilegeza ile gundi, ndiyo maana mgeni huacha fidla yake bora Nairobi na kuja na ya bei nafuu. Safari nayo si ndogo: basi hadi Mokowe, kisha boti, na chombo akikipakata kama mtoto mchanga. Analala nyumbani kwa mama yangu. Nauli tunachangiana sisi walimu sita na wazazi wachache, na kwa kusema kweli hapa ndipo mpango wenyewe ulipo dhaifu, kwa sababu michango ya watu wenye mishahara midogo haiwezi kuwa msingi wa jambo la kudumu. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa nchini kote mwaka 2019 umeurudisha muziki katika masomo ya mtoto wa msingi, baada ya miaka mingi ambayo mtihani wa darasa la nane haukuuliza hata swali moja la muziki, na kwa hilo nashukuru. Lakini walimu wengi waliopewa somo hilo, mimi nikiwa mmojawapo, hatukufundishwa muziki chuoni. Tumepewa rekoda za plastiki, yaani filimbi za kupuliza, na kitabu. Kaunti ikiweza kumlipia nauli afisa wa kuja kukagua, nadhani inaweza pia kumlipia nauli mtu wa kuja kufundisha pamoja nasi.

Ziara ya tatu tulimpa jembe. Nilimwambia hatapiga chochote mpaka watoto wamwombe, na kwamba kazi yake asubuhi ile ni kunisaidia mimi. Watoto walikuwa wameunda kipande chao cha punda kwa muda wa wiki tano, bila yeye, kwa dakika kumi kila siku kabla ya hisabati, nami nilikuwa nimekwama. Kundi moja lilifanya pumzi ya ndani kwa midomo, jingine pumzi ya nje kwa rekoda, la tatu kwato kwa viganja juu ya dawati, lakini kila tulipoanza sote tulimaliza kwa kelele, kila kundi likitaka kusikika. Sikujua namna ya kulirekebisha. Mgeni aliketi nyuma akasikiliza, kisha akaniomba niwaulize watoto swali moja: punda huyu anapolia, mwenye punda anafanya nini? Wakajibu kwamba anasimama, anangoja amalize, maana punda akiwa analia haendi. "Basi kwato zinafanya nini?" Kimya. Kisha wale wa kwato, wenyewe, wakaweka mikono mapajani.

Walipoanza tena, kwato zilitembea, zikasimama, na katika utulivu ule mkwaruzo mwembamba wa pumzi ya kwanza ulisikika hadi mlangoni, ambako mwalimu wa Gredi ya Sita alikuwa amesimama na chaki mkononi. Rekoda zikafuata. Miguno ikashuka, mmoja, mwingine, mwingine, na darasa likangoja. Halafu kwato zikaondoka. Yule msichana wa nyuma ndiye aliyekuwa akitoa ishara ya kila kundi kuingia, kwa kidole tu, bila neno.

Ziara ya nne itakuwa muhula ujao, na watoto wamekwisha kuchagua wanachotaka kuunda, nacho ni jahazi linapobisha, yaani linapogeuza tanga ili likate upepo. Ukutani wamebandika karatasi yenye orodha ya sauti walizokwenda kuzisikiliza gatini: kamba ya demani inapolegezwa, maji chini ya omo, nahodha anapoita, tanga linapopigapiga kabla halijajaa tena. Wawili wao wanabishana mpaka leo kama foromali, ule mti unaobeba tanga, hulia kabla ya tanga kupigapiga au baada yake. Mmoja ni mtoto wa nahodha na mwingine ni mtoto wa fundi, na hakuna anayemwamini mwenziwe, kwa hiyo wameomba ruhusa ya wazazi waende Jumamosi alfajiri na jahazi linalotoka kwenda Kizingitini, wakae karibu na mlingoti, wasikilize.